Usilaze Mali Kibandani

Jumamosi. Baridi ya Julai imeketi Komarock tangu asubuhi, na manyunyu hayataki kuwa mvua wala kuacha. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinaganda nikiandika. Labda si baridi.

Leo nimemfuta kaka yangu.

Najua ni maneno makubwa. Hamisi tulimzika kabla ya Ramadhani iliyopita. Baada ya arobaini Mama aligawa nguo zake kwa mkono wake mwenyewe: kanzu kwa binamu, viatu kwa jirani, lile jaketi jeusi kwa mlinzi wa geti. Hatukubakisha kitu ila kompyuta yake kuukuu iliyo chini ya meza ya televisheni, na hiyo tuliiacha kwa sababu tunaitumia.

Ndani yake kuna programu ya kutafuta mambo mtandaoni, ambayo Hamisi aliiweka mwenyewe hapa nyumbani ili tusitegemee zile za makampuni makubwa. Mama ana presha, na Hamisi hakutaka watu wa mbali wajue Mama anaumwa nini. "Maswali ya nyumbani yabaki nyumbani," alikuwa akisema. Unaifungua kwenye simu, unaandika swali lako, nayo inakwenda kukuulizia huko nje bila kukutaja. Na kwa kuwa vidole vya Mama ni vizito, akaiongezea kumbukumbu: swali lolote lililowahi kuulizwa nyumba hii, ukianza herufi zake tu, linajitokeza lenyewe.

Humo ndimo alimobaki.

Niligundua siku nilipokuwa natafuta namna ya kutoa doa la mafuta kwenye dera. Niliandika "na" tu, likaja: "nauli ya Mombasa Disemba watu watatu". Nyumba hii ilikuwa ya watu watatu. Hakuwahi kututajia safari yoyote. Niliiweka simu chini nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Tangu hapo nikawa naogopa herufi. Mtu mzima, karani wa duka la jumla, naogopa herufi! Nikigusa B, anaulizia buibui la mama mfupi. Nikigusa J, linakuja lile ambalo hadi leo linaninyima raha: "jinsi ya kumwambia dada yako amekosea". Dada yake ni mimi peke yangu. Nimejichunguza weee, sijui nilikosea nini. Hakuniambia.

Nilikuwa naogopa, na bado nilikuwa naenda. Siku nyingine nafunga mlango wa chumba na kugusa herufi moja moja, nione kama kuna swali lake nililolikosa. Nikipita sebuleni na kusikia feni ya ile kompyuta ikivuma, naitolea salamu. Ukicheka, cheka. Mwenyewe najionea aibu.

Mama hakujua lolote. Alidhani ni mimi. Kila akianza "ma" atafute mahamri, inamletea: "mama presha chumvi kiasi gani". Akanijia juu jikoni. "Wewe Zuhura, kama una neno na chumvi yangu, niambie usoni! Usiniandikie simuni kila siku kama mwalimu." Heri anikasirikie mimi, kuliko kumwambia ni marehemu. Lakini chumvi ilipungua, na mchuzi wa nyumba hii ukawa kama wa hospitali.

Wiki hii programu ikagoma. Imezeeka, na huko nje inakokwenda kuuliza wameanza kuifungia mlango. Mama akasema, "Si marehemu alikufundisha kuitengeneza? Fanya alivyokufundisha."

Alinifundisha kweli, na nilimwelewa upesi. Programu hiyo inaishi ndani ya kitu wanachokiita kontena, na sisi ni watoto wa Gikomba. Mama aliuza mitumba pale miaka yote tuliyokaa Majengo, na sheria yake ilikuwa moja: usilaze mali kibandani. Jioni marobota yanafungwa na kupelekwa stoo, kibanda kinabaki mbao tupu. Moto ukija, utakula mbao. Kesho unapigilia nyingine, unauza. "Kontena ni kibanda tu, sis," Hamisi aliniambia. "Unabomoa, unajenga. Mali iko stoo." Stoo ni folda iliyo nje ya kontena, kwenye kompyuta yenyewe.

Basi leo, baada ya chai, nikasimamisha kontena la zamani, nikalifuta, nikavuta jipya kutoka mtandaoni, nikaliwasha. Likaja zuri, linajibu chapuchapu. Hata ile rangi ya kijani ya ukurasa aliyomchagulia Mama ilikuwepo.

Nikagusa N. Hakuna kitu. Nikagusa B. Nikagusa J.

Nilimpigia simu Oti, aliyekuwa akifanya kazi na Hamisi. Nilimweleza, naye akauliza:

"Ulicheki kwanza hiyo memori ilikuwa inasevu wapi?"

"Hamisi alisema kila kitu kiko stoo."

"Setingi ndio zilikuwa nje, sis. Hayo maswali ni kama yalikuwa yanasevu ndani, alisahau kuyatoa. Na ukishafuta kontena, chenye kilikuwa ndani kinaenda nayo. Pole sana. Hiyo ishaenda."

Hamisi, mtoto wa Gikomba, alilaza mali kibandani. Na moto ni mimi.

Nitasema ukweli, maana nisipousema hapa sitausema popote: kabla ya uchungu kufika, nilihisi nafuu. Hakuna tena wa kuniita kutoka kwenye herufi. Kisha nafuu ile ikanitia aibu, nikaenda kumtafuta Mama.

Alikuwa mkekani anachagua mchele. Nikamwambia yote: kwamba aliyekuwa akimwandikia habari za chumvi si mimi, na kwamba leo nimemfuta. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Hamisi?"

"Ndiye, Mama."

"Nami miezi yote hii nakugombeza wewe kwa maneno yake." Akavaa miwani. "Lete simu."

Akaandika "ma", akangoja. Nilianza kulia, namwomba radhi. Hata hakunitazama. "Mtoto huyu!" akasema. "Nimemwambia mara ngapi, usilaze mali kibandani!" Alikuwa anamfokea Hamisi, kama zamani alipokuwa akichelewa kurudi. Tangu tumzike sikuwahi kumsikia akimfokea.

Kisha akaanza kuandika, kidole kimoja, herufi moja moja. Mama presha chumvi kiasi gani. Akabonyeza. Majibu yakaja, hakuyasoma. Akafuta, akaandika tena "ma". Likajitokeza.

Kumbe kazi ya kukumbuka haikupotea. Yalipotea yale iliyokuwa ikiyakumbuka.

"Haya," akasema Mama, akanirudishia simu na kuvuta ungo wake. "Sasa kitu hiki kipeleke stoo."

Nimekipeleka: maswali sasa yanahifadhiwa kwenye folda ya nje. Oti amenielekeza kwa simu hatua kwa hatua, nikazima na kuwasha mara kadhaa kuhakikisha, na bado kipo. Nauli ya Mombasa nimeirudisha, na buibui pia. Mengine siyakumbuki, na hayo ndiyo yatakayonisumbua.

La J nililiacha mwisho. Nilikaa nalo muda mrefu, kwa sababu kulisahau ningeweza, na pengine ningelala vizuri. Nimeliandika jinsi alivyoliandika yeye. Sitajua kamwe nilikosea nini, lakini kila nitakapogusa J, nataka nimkute bado anatafuta namna ya kuniambia.