Mkwe Wangu Aliongea na Kobe

Jumamosi, Agosti 1977

...na mvua nayo ikakataa kuisha. Mkwe wangu, huyu mwalimu aliyemwoa Nabwire wangu, alikuwa ameniletea sukari kutoka Malaba, mvua ikamfungia sebuleni. Mimi nikabaki jikoni nyuma ya pazia, maana kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani wala hawapigi gumzo. Niliudhika. Waliotunga hii mila hawakufikiria mvua?

Mara nikamsikia anaongea na kobe, yule ambaye Nabwire aliniachia alipoolewa.

"Wewe kobe, zamani kulikuwa na mijusi mikubwa kama lori, dinosaria. Ungezaa na mmoja, mtoto wenu tungemjengea loji ya wageni mgongoni."

Kuongea na kobe hakuna aliyekataza. Nikapaza sauti: "Kobe, na huyo mtoto akitembea usiku? Si wageni wataamkia Tororo, kule Uganda, bila pasi!"

Akacheka. "Kobe, afadhali basi kinyonga. Akizaa na dinosaria, mtoto atabeba kahawa ya magendo mchana, na forodha hawamwoni."

Nilijiziba mdomo na leso, lakini wapi.

Tangu harusi nimeogopa kwamba mtoto wangu ameolewa na mtu mkavu, asiyejua utani. Nabwire haniambii, na mimi siulizi.

Mvua ilipokatika akasimama mlangoni. "Kobe, muage mama. Mwambie huu upuzi wote nimefundishwa na Nabwire. Kila jioni ananiongezea mnyama."

Kobe amekula sukuma wiki yangu yote ya kesho. Wacha ale.