Ngoma ya Mjomba Harithi

Ruangwa, 4 Juni 2023

Mama yangu Mwanabibi,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako. Simu nimeizima kwa kuwa mjomba ana namba. Barua atabeba Fidelis wa pikipiki.

Hafidha yuko kwangu. Najua ni mke wa mjomba Harithi, najua ndiye kaka yako wa pekee, tena ndiye aliyenifundisha ngoma. Lakini alimpiga kwa mchi, mama, meno mawili yakamtoka. Nampenda. Sirudi.

Mwanao, Nuhu

Lionja, 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Huku tunapumua tu. Mjomba wako alikuja na panga, akachana ngoma zako zote, kisha akachoma nyumba yako. Nilipomshika akanikata begani. Harithi, niliyembeba mgongoni!

Mke wa mtu ni sumu, sembuse wa mjomba? Mrudishe. Kama hutaki, basi usiguse ngoma huko. Wewe unaanza kama anavyoanza yeye, mipigo miwili na kunyamaza, na huku kwetu kila mtu anaijua.

Mama yako

Ruangwa, 2 Septemba

Mama,

Shikamoo. Bega linaendeleaje? Sisi wazima, na Hafidha ana mimba.

Nimekosea. Jumamosi jirani walikuwa wanamtoa mwali, mpiga ngoma wao akalewa, nami mikono ikaniwasha. Nikaingia kwa mipigo ile miwili. Kuanza kwingine sikujui. Bibi mmoja akacheka: "Haa! Mkono huo wa Harithi wa Lionja, umeuiba wapi?" Watu wakashangilia. Nilifurahi, mama, kisha nikaogopa.

Mwanao

Lionja, 6 Septemba

Nuhu, salamu baadaye. Hama leo! Habari zimemfikia. Amenoa panga asubuhi yote, ameondoka, nami nimemfuata nikilia mpaka barabarani, akanisukuma mtaroni. Usimwue. Usiuawe. Sina kaka mwingine, sina mtoto mwingine.

Mama yako

Porini, 11 Septemba

Mama,

Hali yako naona haya hata kuiuliza. Fidelis alifika na barua mambo yamekwisha. Mjomba alivunja mlango akanikata mkono wa kulia, vidole vitatu vikabaki sakafuni; haya naandika kwa kushoto. Akainua panga tena, sasa kwa Hafidha, naye tumbo mbele. Nilishika mchi. Nilimpiga mara mbili, akanyamaza.

Nije kuzika, au nikimbie? Sema wewe.

Mwanao

Lionja, 20 Septemba

Nuhu,

Tumemzika. Uso haukuwepo, nilimtambua kwa miguu.

Polisi wameniuliza ulipo, nikasema sijui. Vijana wa ukoo nao wamekuja na mapanga, nao nimewaambia sijui. Fidelis hatabeba barua tena. Mtoto akizaliwa mleeni, ila usimfundishe ngoma. Wala usije ukapiga hodi kwangu, maana nikikusikia nitafungua, na hao wanangoja nyuma ya nyumba.

Ni mimi, dada yake Harithi