Etabo Lomenen, Mwandika Majina wa Lodwar

Mwaka umetimia, Etabo, tangu homa ikuchukue, Agosti 1977. Anayeshika kalamu ni mimi, Keziah mkeo, kwa niaba ya wote nyumbani. Uniwie radhi nikiandika kwa hasira. Nimejaribu upole mara tatu, na karatasi zote tatu nimezichana.

Wewe ulikuwa mpole kuliko mimi. Ulipaka majina kwenye milango ya maduka, kwenye malori ya Kitale na kwenye misalaba ya makaburi, na ile ya watoto wachanga uliipaka bure. Kabla hujachovya brashi ulimuuliza mtu, "Jina yako inaandikwa namna gani?" Akishakwambia, ulimuuliza tena. Hata Ekuru fundi baiskeli, jina la herufi tano tu, ulimfanya alitamke mara mbili, na watu wakacheka.

Ulipenda chai ya maziwa ya ngamia. Viatu ulivivaa Jumapili tu, tena mpaka mlango wa kanisa.

Kisha ukaja ukame wa 1971. Watu wa magazeti walipita Kakuma kwa gari, mmoja wao akampiga picha mama yako, Akeno, akiwa ameketi nje ya boma lake. Mama alimsalimia kama anavyosalimiwa mgeni yeyote huku kwetu: ejok. Yule bwana akadhani ametajiwa jina, akaliandika kwenye kijitabu chake na kuondoka.

Wiki mbili baadaye ulinunua sukari dukani kwa Mureithi. Ulipofungua mkunjo wa gazeti aliokufungia, mama yako alikuwa anakutazama, chembe za sukari zimemshika usoni. Chini yake iliandikwa: Bi. Ejok, mmoja wa wanaokufa kwa njaa.

Hakuwa anakufa. Alikuwa anangoja mbuzi warudi.

Na ile picha hawakuiacha ipumzike. Ilitokea tena kwenye habari za kipindupindu, ikatokea kwenye habari za wizi wa ng'ombe, kwenye bango la kuomba nguo kuukuu, hata kwenye kalenda ya gazeti lenyewe, mwezi wa Juni. Mwaka 1974 waliitumia kwa njaa ya nchi nyingine kabisa. Kila mara ni Bi. Ejok, na kila mara yuko karibu kufa. Inatia kinyaa, na sina neno zuri zaidi. Uliwaandikia barua sita, kwa mwandiko wako ule wa kupendeza, kwamba mama yako anaitwa Akeno. Walijibu ya sita tu, kwa kukutumia ile kalenda.

Hapo ndipo ulipoanza kile chumba cha nyuma, hapa Nawoitorong. Ulikibandika magazeti kuta zote, dari, mpaka mlango kwa ndani: sabuni, mpira, hotuba, njaa, sabuni tena. Gundi uliikoroga kwa unga wa msaada. Mimi nilichemka kwa ajili ya unga, nikaenda kukushtaki kwa mama, ambaye tulikuwa tumemhamishia kwetu. Mama akasema, "Unga ilikuja juu ya picha yangu. Wacha ishike hiyo picha."

Ukaweka redio tano, kila moja na kituo chake, zote zikiongea kwa pamoja. Katikati ya ukuta ulibandika picha za mama, kumi na tisa ulizookota madukani, na juu ya kila moja ukaandika kwa rangi nyeupe: AKENO. Watu waliingia wawili wawili. Wengine walitoka wameziba masikio. Mwalimu mmoja wa sanaa kutoka Nairobi alisema hizo ni takataka, halafu akaomba kuzipiga picha. Ulimnyang'anya kamera taratibu, ukamtoa nje, ambako mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, kama alivyoketi kila ulipofungua chumba.

"Sasa salimia yeye," ulimwambia. "Kwa jina."

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na mimi nilidhani ni magazeti. Nilipokuuliza ulinijibu, "Dunia inaongea mingi, na hakuna moja imesalimia mama." Nilikuona mjinga siku ile. Nisamehe.

Ukafa. Gazeti likasikia, likakupa mistari minne: Msanii Ejok wa Turkana afariki dunia. Mimi mtu wa kanisa, Etabo, nililitemea mate lile gazeti mbele ya duka la Mureithi, saa nne asubuhi, watu wakiona. Wewe uliyewauliza watu majina mara mbili mbili, hakuna aliyeuliza lako hata mara moja.

Ndilo gazeti hili hili. Nimewaletea tangazo hili kwa sababu waliosoma uongo ule wanasoma hapa. Waliniomba picha yako, nikawanyima.

Redio nimezizima zote. Kuta nimeziacha kama ulivyoziacha, na mchwa wameanza kula matangazo ya sabuni.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Keziah, dada yako Nawoi wa Kataboi, ndugu yako Epuyo, na Mureithi, ambaye siku hizi anafungia sukari kwenye karatasi ya kaki isiyoandikwa kitu. Na mama yako, Akeno. A, K, E, N, O. Hutatutoka moyoni siku zote tutakazoishi.

Nilimuuliza mama nikuandikie nini kutoka kwake. Amesema nikuambie: ejok.

Mhariri, hiyo ni salamu.