Fimbo ya Papa na Moteri ya Naboth

Kakiika, Mbarara
11/1/2009

Mudogo wangu Munezero,

Ukishika hii karatasi ujue niko muzima, mafuta tu ndiyo imekataa kutoka mu makucha. Papa anaendelea aje na mugongo? Mama je? Na ile kinu ya moteri ya pale Kabazana, bado inasagia batu mahindi, ama umeifungua tena uchungulie tumbo yake?

Naandika juu simu ya Papa haipatikane tangu ianguke mu ndoo ya maziwa.

Habari ni moja lakini ni kubwa. Bosi wangu Naboth, mutoto wa afande wa kule barakisi, ameingia mashindano ya magari ya Pasaka, ile ya njia ya vumbi mpaka Bwizibwera. Gari iko, Corolla ya zamani. Moteri, injini yenyewe, ndiyo hakuna: ile iliyomo inakohoa kama muzee wa kanisa mbele ya kuomba. Naboth anataka moteri kali, ya mbio. Sasa tuko nabishana. Tununue nzima ya Japani, ya sport, valvu kumi na sita, yenye iko tayari? Ama tujenge hii yetu: tupanue silinda, tutie pistoni kubwa, tukwangue kichwa ya silinda, vile wewe unapendaka kusema?

Faizo anasema kununua. Faizo ni fundi mupya, kijana wa hapa Mbarara. Yule mutu ana mikono! Faizo anafungua giabokisi huku macho iko kwa mpira. Faizo anajua muuzaji wa moteri Kampala. Faizo ananifundisha kuendesha mu vumbi. Ile nafasi ya garaji niliomba bosi akuwekee, amemupa kwanza Faizo, lakini usijali, tutaona.

Wewe unasema aje, dada yangu: kujenga ama kununua?

Yaya wako,
Mihigo

*

Nakivale
16/1/2009

Yaya Mihigo,

Siye tuko, Mungu anatulinda. Mugongo ya Papa inauma asubuhi, mchana anaisahau. Mama anauliza kama unakula. Mimi sina salamu.

Jina ya Faizo iko mu barua yako mara sita. Nimehesabu. Yangu mara moja, pale juu.

"Tutaona" nini? Ni nani alikufundisha hata kusema pistoni, wewe kaka mukubwa? Nilikuwa na miaka kumi na mbili, wewe kumi na tano, kinu ikakufa, fundi akakawia wiki mbili. Nikachukua fimbo ya Papa ya kuchungia, ile alitoka nayo Minembwe, kule Kongo, ncha moja nikaweka kwa chuma, ncha ingine kwa mufupa wa nyuma ya sikio. Yaya, nilisikia yote! Kama mutu anaongea mu chumba ya pili. Nikakuambia ni supapu, ile valvu, ukacheka, tukafungua, ilikuwa supapu. Faizo wako anaweza?

Mujenge! Kabisa mujenge! Moteri ya kununua ni ng'ombe ya sokoni. Ngozi inang'aa, kiwele imejaa siku ile tu, lakini mama yake humujue, na sababu ya kuiuza mwenyewe hakuambie. Ile ya kujenga umeizalisha na mikono yako, unajua kila mufupa. Niko na kile kitabu ya moteri, ya Kifaransa, yenye kukosa kurasa, nimeisoma mpaka inanisoma. Kichwa mukikwangua kidogo tu, kama karatasi kumi zimelaliana, na njia za hewa muzipige msasa mpaka zilainike kama koo ya ndama, ile Corolla itapaa! Najua vile ya kufanya. Nani mwingine anajua?

Na kama banataka kununua kwa nguvu, bangojee kwanza niisikilize. Basinunue bila fimbo.

Mudogo wako (wa kwanza, mbele ya bengine bote),
Munezero

*

Kakiika
3/2/2009

Mudogo,

Salamu hata kama hutaki salamu. Batu ba nyumbani unisalimie bote.

Moteri imefika! Muuzaji wa Faizo ametuachia siku tano tuijaribu. Tumeifunga juu ya mbao nyuma ya garaji, inanguruma mpaka kuku ya jirani imekataa kutaga. Nikamwambia Naboth habari ya fimbo. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema: "Wewe leta huyo dada. Akisema ni nzima, nanunua. Akisema ni mgonjwa, tunajenga, basi. Mimi nimechoka na kelele yenu."

Kayumba wa lori ya mahindi atakuchukua siku ya tano, Ijumaa. Uombe karatasi ya ruhusa kwa komanda wa kambi mapema.

Faizo amefurahi, anasema hajawahi kuona hiyo kitu ya fimbo. Amekuwekea soda.

Yaya wako,
Mihigo

*

Kakiika
8/2/2009

Mudogo wangu,

Natumaini ulifika muzima. Uliondoka mbio, soda umeacha nusu.

Nikuambie yenye ilifuata. Vile ulisema chuma inagonga ndani, kwamba ndani ya miezi miwili itajipasua, Naboth aliangalia lori mpaka imekata kona. Halafu akamugeukia Faizo: "Wewe naye! Ulitaka kuniuzia maiti?" Faizo akaapa wallahi, akaapa kwa mama yake. Naboth akasema: "Mtoto wa kambi na fimbo ya ng'ombe amesikia, wewe na spana zako zote hukusikia? Ama ulisikia, ukakula pesa na muuzaji?" Akamufukuza palepale. Faizo aliondoka na ovaroli yake mu mufuko ya kaveera, hakuniaga.

Mimi sikusikia kugonga. Lakini mimi si wewe.

Basi, tunajenga. Kuja na nguo ya kazi na kile kitabu. Nafasi ni yako sasa.

Yaya wako,
Mihigo

*

Nakivale
12/2/2009

Yaya wangu mupenzi,

Salamu mingi, mingi, mpaka karatasi iwe nzito! Mugongo ya Papa inapona, Mama anacheka, mbuzi imezaa, kila kitu ni muzuri!

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaruka, nikamwaga uji ya Mama. Nakuja siku ya kwanza, Jumatatu, na Kayumba. Usiguse ile bloki ya moteri mbele nifike. Usimuruhusu hata Naboth aiguse. Mutafute fundi wa kupanua silinda, mwenye mashine, si mwenye maneno. Niko na mambo makumi mawili mu kichwa, siwezi kulala.

Faizo ameenda fasi gani? Nauliza tu. Usiseme nimeuliza.

Mudogo wako,
Munezero

*

Kakiika
21/4/2009

Munezero,

Tunakusalimia, siye bote ba garaji. Unaumwa? Mama anaumwa? Nani amekufukuza?

Siku ya Pasaka, mashindano imeisha, nilikuwa nabeba maji ya kuosha gari, kurudi, kitanda yako iko tupu. Miezi miwili ulilala na ile moteri kama mutoto mugonjwa, ulisaga supapu mpaka vidole vikatoka damu, halafu siku ya furaha unakimbia?

Tulikuwa ba pili, Munezero! Ba pili mu magari tisa! Naboth alibebwa juu ya mabega, alikutafuta akubebe na wewe. Anasema hakuna moteri imejengwa hivi Mbarara yote.

Najua, uliona ba kwanza. Ile Corolla yenye kunuka maziwa, ya Rwakabuba, muchuuzi wa maziwa wa Bwizibwera. Ilitupita pale mupandoni kama siye tumesimama kukojoa. Na wewe ulijua ile sauti mbele yangu, nilikuona ukishika kichwa. Ndiyo, ni ileile. Ni moteri ya kwenye mbao. Faizo alimupelekea Rwakabuba, akaifunga mwenyewe. Miezi miwili imepita na haijajipasua. Naboth bado anamuita mwizi, anasema ni bahati tu, itakufa kesho. Batu ba hapa garaji nao banasema vile, juu wewe ulisema.

Ulisikia nini siku ile? Uniandikie.

Yaya wako,
Mihigo

*

Nakivale
28/4/2009

Yaya,

Nakusalimia. Hatuumwe. Hakuna mutu amenifukuza.

Nitasema mbio mbele nguvu iishe. Ile moteri haikuwa na kitu. Niliweka fimbo kwa silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine. Kila moja mara mbili, nikitafuta kosa. Nilitaka kosa, yaya, nilikuwa naomba kosa kama mutu anaomba mvua. Hakuna. Zilikuwa zinaimba kama bamama bane ba kanisa, hata mumoja hakutoka mu wimbo. Sijawahi kusikia kitu safi vile.

Nikainua macho. Nikaona mukono yako iko juu ya bega ya Faizo, munangojea pamoja, munacheka kitu moja yenye sikuijua. Na yeye ameshika ile soda, ameifunika na kitambaa vumbi isiingie. Nikawaza: nikisema ni nzima, narudi kwa kinu, na yeye anabaki na bega, na kitanda, na garaji. Mudomo ukafunguka wenyewe. "Inagonga."

Sikujua batamufukuza. Hapana, hiyo nayo ni bongo, ni uongo. Nilijua kidogo.

Moteri yetu ni nzuri. Hiyo ni kweli. Lakini kila nati niliyokaza nilikuwa nasikia ile ingine ikiimba. Kwa koro ya kanisa siimbi tena, Mama anafikiri ni mafua.

Umuambie Naboth. Umusomee kama unataka.

Mudogo wako,
Munezero

*

Nakivale
30/5/2009

Kwa Faizo, kwa Rwakabuba wa maziwa, Bwizibwera

Habari ya kazi. Natumaini uko muzima, na mama yako uliyeapa kwake pia.

Hunijui vizuri. Ni mimi wa fimbo. Yaya yangu nilimuandikia mwezi muzima umepita, hajajibu, kwa hiyo sijue kama amekuambia. Nakuambia mwenyewe: nilidanganya. Moteri yako ilikuwa nzima kuliko zote. Nilikuonea wivu, hata saa hii nikiandika jina yako bado wivu iko, siwezi kudanganya tena.

Nilimuambia Papa. Hakupiga kelele. Alishika fimbo yake, akaiangalia kutoka ncha mpaka ncha, akasema: "Hii nilichunga nayo ng'ombe makumi ine, sikupiga hata moja bure. Wewe umepiga mutu. Mupelekee uliyemupiga, haiwezi kulala mu nyumba yangu."

Ndiyo hiyo, Kayumba atakupa. Ncha nyembamba kwa chuma, ncha nene kwa mufupa wa nyuma ya sikio. Usikaze. Fimbo haikudanganya, ni mimi.

Nimebaki na kinu. Sasa naisikiliza na sikio tupu.

Dada ya Mihigo,
Munezero

*

Bwizibwera
14/6/2009

Nyabo Munezero,

Salamu sana. Mama yangu iko sawa. Kwa kuandika mimi si mtu wa shule, utavumilia.

Fimbo imefika. Barua yako nimesoma, nimekasirika, nimeweka chini ya godoro, nimesoma tena. Halafu Mihigo amekuja hapa na baisikeli na ile barua ya kwake. Alikaa nayo mwezi mzima, aibu imemushika, anasema yeye siku ile masikio yake yalisikia injini ni nzima na akanyamaza tu. Tumeenda pamoja kwa Naboth. Naboth amesoma, amerusha spana kwa ukuta, amesema mimi nirudi. Mimi nimesema hapana, Rwakabuba ananipa maziwa kila asubuhi. Wewe bado hataki kukuona. Pole pole.

Sasa hii fimbo. Siku ya kwanza nimesikia makelele tu, kama soko. Siku ya pili makelele. Watu ya maziwa wananicheka, wanasema Faizo anachunga gari. Siku ya nne nikashika pumzi. Banange! Imefunguka yote!

Na nimesikia kitu. Silinda ya tatu. Kitu kidogo sana, chini kabisa, inakuja inaenda. Wewe siku ile hukusikia, juu ulikuwa unaangalia mabega ya watu.

Ni nini? Sitakuambia. Umia kidogo.

Ukitaka kujua, kuja usikize mwenyewe. Fimbo utaazima kwangu, utarudisha.

Faizo, fundi

*

Nakivale
17/6/2009

Yaya Mihigo,

Salamu, natumaini bado niko mudogo wako, tutaongea hiyo kisha.

Rafiki yako ni mubongo! Silinda ya tatu nilisikiliza mara mbili. Mara mbili! Ilikuwa safi kama maji ya kisima. Anasema hivyo tu nisilale, na kweli silali, siku mbili sasa. Ama ni segma, ile pete ya pistoni? Segma hailiake chini. Ama ni kitu imekuja juu ya mashindano? Muulize kama inalia ikiwa baridi ama ikiwa moto. Hapana, usimuulize, atafurahi.

Komanda amenipa karatasi ya siku tatu. Kayumba anapakia mahindi, nakuja naye; hii barua inatangulia na pikipiki. Naandika nikiwa juu ya magunia, ndiyo maana mustari unaruka.

Umuambie asizime ile moteri.

Munezero