Shimo Chini ya Upenu

Jumapili, 2 Machi

Injini imetoka! Imetoka salama, haikumwangukia mtu mguuni. Ni mimi, jirani yetu Injinia na mnyororo wake wa kuinulia. (Injinia hajawahi kuwa injinia. Aliendesha lori mpaka mgongo ukamgomea, na jina alijipa mwenyewe.) Sasa injini imekaa juu ya meza chini ya turubai, na pikapu imebaki pua wazi juu ya shimo. Nimeizunguka sijui mara ngapi, nacheka peke yangu.

Mke wangu amepita na ndoo, akauliza mke mwenza wake, yaani pikapu, atatoka lini hospitali. Nikamwambia likizo yangu bado ndefu. Akasema hata ya mwaka jana ilikuwa ndefu.

Lakini shimo! Hapa naomba nijisifu, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nimelichimba kwa mikono hii iliyozoea kuhesabu vidonge kwenye duka la dawa. Unasimama ndani wima na kuliona tumbo lote la gari. Na wazo langu kubwa: limeanzia chini ya upenu wa nyumba, pua ya gari ikitazama ukuta wa chumba cha mama mkwe. Mvua ikija, upenu unanikinga. Paa la bure kabisa!

Jumatano, 5 Machi

Kuna ufa ukutani.

Mwembamba. Unaanzia chini, pale pale linapoanzia shimo, unapanda kuelekea dirishani. Kwanza nilidhani ni rangi imebanduka. Nikapitisha ukucha. Si rangi.

Labda ulikuwapo siku zote. Nyumba ni ya zamani, matofali ya udongo, na jua la mwezi uliopita lilikuwa kali. Nyumba ngapi zina nyufa na watu wanalala humo wakikoroma! Najiambia hivyo tangu asubuhi na bado situlii.

Ningeweza kuutazama kwa ndani nikajua kama umepenya. Lakini ni chumba cha mkwe wangu. Tangu ahamie kwetu sijawahi kukanyaga mle, na sitaanza kwa kwenda kupapasa nyuma ya kitanda chake.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Fupi, lakini ya matusi.

Upenu ulinikinga, ndiyo. Mimi. Maji yote ya paa yakamwagika kutoka ukingo wa mabati moja kwa moja shimoni! Sikuwahi kulifikiria hilo. Mtu mzima, nimesoma, nimechora mpaka ramani ya mahali pa kuweka spana, nisifikirie maji ya paa yanaangukia wapi!

Nimeyateka kwa ndoo hadi mgongo ukalia. Yalipopungua nikaona. Udongo wa upande wa nyumba umeporomoka kipande kizima, na mawe ya msingi yametokeza, mawili hayana kitu chini yake. Unaweza kupitisha mkono. Nilipitisha. Nikautoa haraka kama niliyeguswa na nyoka.

Mchana nimepiga plasta kwenye ufa na kupaka chokaa juu. Mke wangu akashangaa, kulikoni leo. Nikasema napapendezesha. Akasema ukuta mzima ni mchafu, mbona napendezesha mstari mmoja. Ikabidi nipake ukuta mzima.

Jumapili, 9 Machi

Mezani mke wangu kaniambia, hivi hivi tu, akimimina chai: mama anasema siku hizi chumba chake kina upepo mzuri.

Upepo! Dirisha lake limefungwa wiki nzima kwa sababu ya mbu.

Nikaweka kikombe chini. Nikamwomba aende atazame nyuma ya kabati, kwa upande ule wa nje. Akaenda, akarudi. Ufa kidogo tu, akasema, si wewe ndiye fundi wa hapa nyumbani? Kisha akaendelea kunywa chai yake. Ananiamini.

Ningemwambia pale pale. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Nikaomba sukari.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia simu fundi mwashi. Nimezungusha maneno: oh, kuna kaukuta kanahitaji kuangaliwa, si haraka. Kwa nini nimesema si haraka? Naye akasikia hivyo hivyo, akasema atakuja Jumatatu.

Injinia amekuja kuomba spana, akainama, akatazama shimo kwa muda, akapiga mluzi. Anasema nisukume gari nyuma, nifukie leo, yeye atashika sepetu. Nikamwuliza giaboksi nitaifungia wapi? Mtu hawezi kuifunga amelala chali matopeni. Nimepanga vizuri: Jumamosi injini inaingia na giaboksi inafungwa, Jumapili nafukia. Siku chache tu. Injinia akasema ukuta haujui kalenda. Nikamwona ana kiherehere.

Sasa nimekaa na sauti yake kichwani. Kazi iko karibu kwisha! Bolti zimesafishwa, klachi mpya iko tayari, nimeiota pikapu hii usiku na mchana tangu nilipoikuta imeotewa na majani. Nikifukia sasa nitaanza upya mwaka mwingine.

Lakini mle ndani kuna mtu amelala. Najua.

Ijumaa, 14 Machi

Plasta imepasuka. Kidole changu kidogo kinaingia.

Nimemwambia mke wangu mama ahamie sebuleni kidogo, nataka kupaka rangi chumba chake. Uongo juu ya uongo, na chokaa juu. Mama mkwe amekataa. Kasema amezoea kitanda chake, na rangi ya sasa haijamkosea kitu. Ila akaomba, kama nina nafasi, nimtazamie mlango. Siku hizi unang'ang'ania.

Mlango haung'ang'anii bila sababu! Fremu imepinda. Ukuta umekwenda, fremu imekwenda nao. Nikachukua randa, nikaupunguza ubao kwa juu, nimesimama koridoni, macho nimeyainamisha. Yeye ndani ananishukuru. Mungu akubariki baba, mikono yako haina uvivu.

Nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikakumbuka shimo, sikutamani tena.

Jumamosi, 15 Machi

Injini haikuingia. Tuliinyanyua, ikagoma kukaa kwenye giaboksi, mvua ikaanza, Injinia mgongo ukamshika. Tumeirudisha mezani. Sijui nani alikuwa amekasirika zaidi.

Basi nimefanya jambo jingine. Ukuta umetuna, sasa unaonekana kwa macho. Nimeegemeza ubao mpana ukutani, nikachukua boriti mbili, upande mmoja kwenye ubao, upande mwingine kwenye bampa ya pikapu. Gari linaushikilia ukuta. Nyuma ya magurudumu nimepanga mawe, maana pale pana mteremko wa kuondoka nyumbani. Breki ya mkono haipo, waya wake niliutoa mwezi jana nikasema nitanunua mpya.

Kwa hiyo sasa pikapu haiwezi kusogea, na shimo haliwezi kufukiwa. Kazi nzuri, bwana mfamasia.

Mke wangu amesimama akatazama zile boriti. Akanitazama mimi. Nikasema ni za muda tu. Akaingia ndani, na tangu hapo hajaniita kwa jina lolote.

Nitamwambia kesho. Na mama atahama kesho, hata kama ni kwa kumbeba.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia. Jikoni, akikatakata vitunguu. Yote: shimo, maji, mawe ya msingi, chokaa.

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Aliuliza kitu kimoja: tangu lini unajua? Nikamjibu. Akaweka kisu chini na kwenda chumbani kwa mama yake.

Mama hataki. Kasema hahamishwi kitandani Jumapili kwa ajili ya ufa, fundi si anakuja kesho? Watazungumza na fundi. Mke wangu amemsihi mpaka sauti ikakauka. Amelala naye usiku huu chumba kimoja. Mimi nimebaki na kitanda kizima.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa ndani ya pikapu. Mkono mmoja juu ya usukani, daftari hili, ambalo hukaa garini, juu ya paja la kushoto. Mguu wa kulia uko kwenye breki na hautoki hapo.

Mvua imeanza kabla hatujanywa chai. Mke wangu alikuwa ametoka chumbani kwa mama kwenda kuchemsha maji. Nikasikia mlio, kama gunia limetupwa chini. Nikakimbia nje. Shimo limekula ardhi mpaka chini ya ukuta, ukuta umeshuka kwenye kona, na boriti zimeibana bampa mpaka chuma kimekunjika. Mawe niliyopanga nyuma ya magurudumu yanateleza kwenye tope. Gari linarudi nyuma! Kidogo, kidogo. Likirudi, boriti zinadondoka. Nikaruka ndani nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Likasimama.

Mlango wa mama umebana kabisa. Haufunguki, si kwa kusukuma, si kwa teke. Dirisha lina nondo. Mke wangu na Injinia wako koridoni na shoka. Fundi mwashi simu yake haipatikani.

Siwezi kutoka. Nikitoa mguu gari linakwenda.

Naandika ili nisiufikirie mguu.

Ufa sasa ni wa kupitisha ngumi. Kutoka hapa nilipo, kioo cha mbele kiko hatua chache tu kutoka ukutani, naona ndani. Baada ya kukwepa kote kule! Naona pembe ya kitanda, shuka ya bluu, mkono wa mama mkwe umeshika ukingo wa kabati.

Amechungulia. Tumetazamana. Sikujua la kusema, nikasema shikamoo mama.

Marahaba baba, akasema. Umeloa?

Nikamwambia sijaloa, niko ndani ya gari. Akae mbali na ukuta, akae karibu na mlango ila si mlangoni, wanavunja. Akasema anasikia. Kabati limemzuia njia, atasubiri walisukume wakiingia. Sauti yake ni ile ile ya kuomba chumvi.

Pedali inashuka. Polepole, lakini inashuka. Breki hizi nimezifunga mwenyewe, mpira wa ndani ya pampu ya breki nilisema bado unafaa. Ikifika chini inabidi niiachie kidogo nikanyage upya, na nikiiachia gari linarudi kiasi cha upana wa kidole. Nimeshafanya hivyo. Udongo ukamwagika kutoka juu ya dirisha.

Nikamwambia. Kwa sauti, kupitia ule ufa, mvua ikipiga boneti ya gari. Mama, hili shimo ni langu. Nilichimba karibu na nyumba. Niliuona ufa zamani nikaupaka chokaa.

Shoka lilipiga, likapiga tena. Nikadhani hakunisikia.

"Najua, baba," akasema. "Tangu ulipokuwa unachimba, kitanda changu kilikuwa kinatikisika. Binti yangu aliniuliza kama nasumbuka. Nikamwambia muache, mkwe wangu anajua anachofanya."



Injinia anapaza sauti kwamba ubao wa juu umeachia, bado komeo. Kila shoka likitua, ukuta unatoa vumbi upande wangu. Nimewaita wapunguze nguvu. Mke wangu kajibu kwamba wakipunguza hawatamaliza.

Pedali imefika chini tena. Lazima niiachie. Nasubiri shoka litulie kidogo ndipo nikanyage upya. Halitulii. Mama amenyoosha mkono, ameuweka juu ya matofali kwa ndani, kiganja wazi, anausukuma ukuta kuja kwangu, sijui anadhani anasaidia. Nimemwambia autoe mkono. Nimemwambia mama, toa mkono, naiachia sasa