Usimpe Mpiga Chuma Miguu Yako

Mtaa wa Swahili, Kariakoo,
Dar es Salaam.
12 Julai 1934

Mpendwa mdogo wangu Humoud,

Assalaam alaikum. U hali gani huko Tabora? Nunu mkeo hajambo? Unakula, unalala? Huku sote wazima, wajukuu wangu wanakula kama nzige. Anayeandika ni mkwe wangu Muhiddin. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asilainishe neno.

Barua yako tumeisoma. Nyayo zinakuwaka kama umekanyaga pilipili, vidole vimekufa ganzi, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi umemwita mzee aje akupige chuma cha moto, kama walivyofanyiwa wazee wetu. Humoud, una wazimu?

Nikueleze aibu yangu. Masika, Jangwani kumejaa maji, niliiweka miguu yangu juu ya seredani ya makaa ili moto wa nje uuzime wa ndani. Mara nikanusa nyama. Nikampigia kelele Euphrasia, mpangaji wangu Mchaga wa chumba cha uani: "We Euphrasia! Nyama yako inaungua, umelala?"

Akatoka mbio. "Bibi, mimi leo nimepika maharage. Unaoungua ni mguu wako!"

Kisigino changu, Humoud, wala sikusikia kitu. Kidonda kimefunga juzi tu. Daktari aliniambia kingeoza angeukata mguu. Sukari hii tunayougua sote wawili imeshaua ngozi yetu, haisikii. Kinachouma kiko ndani. Chuma hakitakifikia. Kitakuachia kidonda tu.

Dawa ya kuuondoa moto huu daktari alisema hana. Basi kila asubuhi navaa viatu natembea polepole mpaka Mnazi Mmoja na kurudi. Siku ya kwanza nilitukana kila hatua. Nikirudi, Euphrasia ananikanda kwa mafuta ya nazi, kwa viganja, bila nguvu, kisha ananitazama nyayo kama kuna mchubuko. Maji ya kunawia miguu ni vuguvugu, na anayeyapima ni yeye, kwa kiwiko cha mkono. Mimi sijiamini tena. Kitandani shuka ikinikera, naweka kasha tupu la chai miguuni liiinue. Na chai nakunywa bila sukari, mbaya kweli.

Sikudanganyi, maumivu hayajaisha. Yamepungua, nalala.

Mzee huyo mpe kahawa, mpe heshima zake, arudi na chuma chake. Ukiona haya kumkatalia, msomee barua hii, useme dada yako mkubwa amekataa. Mama alifariki wewe hujasimama dede. Miguu hiyo niliifundisha kutembea mimi, na simpi mtu ruhusa ya kuichoma.

Nisalimie Nunu, na binti yenu Amna na wanawe. Euphrasia anakusalimu, anasema ukija atakukanda na wewe. Mungu akupoze, akupe usingizi, akulinde kila unapokanyaga.

Dada yako akupendaye, na asiyetaka ubishi,
Zeina binti Saif