Mwanangu Yuko Hai Mwamgongo, Kaka Anasema Nimekuwa Jiwe

Mpendwa Mshauri, shikamoo, naandika kwa furaha, nisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni Mkongo, tulikimbia vita Uvira mwaka jana, na katika kugombania boti binti yangu mdogo Agnesi akapandishwa boti nyingine, yetu ikafika Kigoma, yake haikuonekana, nikawa nalia na kupiga watu hovyo hadi kaka yangu Leonardi akanikimbia. Kwenye zahanati ya wakimbizi kuna nesi wa Sri Lanka, Kumari, ni Mbudha, Kiswahili chake cha kuokoteza, yeye hakuniambia ninyamaze kama wengine, aliniketisha akasema, "Hasira ikija usifukuze, usitii. Angalia tu. Sema, hii hasira. Itaondoka." Nilimcheka, lakini nikajaribu, na kweli Mshauri, inakuja, inawaka, inapita!

Basi juzi nikaletewa habari kwamba Agnesi yuko hai, yuko Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, amelelewa na Elida, mke wa mvuvi, tangu boti ile ilipotua kule! Nilisafiri nikiimba na abiria wakiitikia, nikashuka nikakimbia kati ya dagaa walioanikwa, nikamwona mwanangu amenenepa, nikamwita, naye akajificha nyuma ya Elida akilia, "Mama, huyu nani?" Mama anamwita Elida! Nilitaka kumrukia yule mwanamke, lakini nikasimama nikasema moyoni, hii hasira, huu wivu, hii hofu, zikapanda zikashuka, na ziliposhuka ndipo nikaona Elida naye anatetemeka. Nikaketi mchangani nikaimba wimbo niliokuwa nikimbembelezea mwanangu, mara Agnesi akaja mwenyewe, akanishika sikio, akauliza, "Wimbo wangu umeujuaje?"

Nilitaka kupasuka kwa furaha! Lakini sikumnyakua, nilirudi peke yangu, na sasa Leonardi amenijia juu, "Mama gani huyo? Mbudha amekugeuza jiwe!" na Jumamosi anataka kwenda na vijana kumchukua mtoto kwa nguvu. Nesi naye aliponiona narukaruka akasema hata furaha niiangalie, nisiing'ang'anie. Je, dini yao inakataza kupenda? Na mimi ni Mkatoliki, nimekosea?

Verediana, Katubuka

*

Marahaba mwanangu, na hongera! Nimepiga kigelegele hapa Ujiji hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Jiwe gani linaketi mchangani kumwimbia mtoto? Acha hayo. Mimi ni Mwislamu, mambo ya Kibudha sikuyasomea, kwa hiyo nilimwuliza daktari mmoja wa imani hiyo. Akaniambia hisia hazikatazwi. Zinakuja zenyewe na hakuna inayodumu. Tunaumia tunapoidaka moja na kudhani ndiyo sisi. Kumpenda mtu ni kumtakia heri. Kumng'ang'ania ni kumtaka awe wako hata akiumia. Basi ulipoacha kumnyakua Agnesi, hapo ndipo ulipompenda hasa. Rozari yako endelea kusali, hakuna aliyekunyang'anya.

Lakini nakugombeza! Barua nzima sijaona asante hata moja kwa Elida. Umeiangalia hasira yako vizuri, yeye ulimwona anatetemeka ukampita. Daktari anasema kwao mtu hujifunza kufurahia heri ya mwenzake kama yake. Elida amemfurahia mwanao kama wake wakati wewe unalia. Sasa ni zamu yako kuona kwamba naye anampoteza mtoto.

Nenda kwanza ofisi ya wakimbizi, wamjulishe mtendaji wa kijiji. Leonardi aje mikono mitupu au abaki nyumbani. Vijana wake wakavue samaki. Mpelekee Elida kitenge, umshukuru mbele ya mumewe, kisha uombe kukaa kwao. Mle pamoja, mumwogeshe mtoto pamoja. Akishakuzoea, rudini wote watatu Katubuka, Elida akae kidogo, na asikose kualikwa tena. Na furaha ikija, cheza ngoma mwanangu, nani amekukataza? Ila ikipungua usiseme mtoto hanipendi.

Siku Elida atakapoondoka, Agnesi atamlilia mbele yako. Usimwambie nyamaza. Mpakate, alie hapo hapo kifuani pako.